Hodi kwa Fundi Tawakali

Ipo nchi, na watu wake wapo, ingawa si wote. Jina lake silitaji, kwa sababu wenyewe hawapendi itajwe isipokuwa kwa kusifiwa, na mimi leo nimebeba habari tu, sifa nimezisahau nyumbani. Ni nchi nzuri. Kiongozi wake huitwa Baba wa Uwazi, na tangu ashike usukani amefungua kila kilichokuwa kimefungwa: mageti, bahasha, midomo ya watu wagumu. Maadui wanadai kwamba amepiga marufuku mapazia. Huo ni uzushi. Mapazia yanauzwa madukani bila kizuizi, mradi kitambaa chake kiwe kinaonyesha ndani.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Mikoroshini, aliishi mama mmoja mshona nguo aitwaye Sikudhani. Mumewe, Fundi Tawakali, alikuwa akitengeneza redio, na hakuwa mtu wa maneno. Neno lililomponza lilikuwa moja, na hata hilo hakuwahi kulitamka. Siku hiyo Baba wa Uwazi alihutubia uwanjani, akamaliza kwa kuuliza kama kawaida yake, "Kuna mwenye swali?" Wote tunajua kwamba hiyo ni adabu tu, kama mtu anayekula akikuambia karibu, nawe ukajibu starehe. Fundi Tawakali akanyoosha mkono.

Uwanja ulikuwa umefurika. Mkono ulionekana, mwenye mkono hakuonekana. Baba wa Uwazi alitabasamu, bendi ikapiga, watu wakatawanyika. Siku chache baadaye gari safi lenye vioo vyeusi likasimama mlangoni pa fundi. Wakashuka vijana wawili wenye heshima sana, wakamwamkia, wakamwambia kwamba anaitwa kwenye mkutano.

"Nivae nini?" akauliza.

"Hivyo hivyo ulivyo, mzee. Unatosha."

Fundi Tawakali alivua shati la kazi, akavaa lingine, akamwambia mkewe asiitoe chai jikoni, anarudi sasa hivi.

Mkutano ule haujaisha. Kila Bi Sikudhani alipokwenda kuuliza aliambiwa kwamba ajenda ni ndefu, na kwamba wajumbe wana ari kubwa kiasi kwamba hakuna hata mmoja aliyeomba kutoka. Watu wabaya huandika kwamba nchi hii ina wafungwa. Haina hata mmoja. Ina wajumbe.

*

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya Mzee Mwinyikondo. Zamani mzee huyu alikuwa akicheza bao na Fundi Tawakali barazani, na kwa sababu ya urafiki huo alimwita Bi Sikudhani shemeji. Fundi alipokwenda mkutanoni, Mzee Mwinyikondo aliteuliwa kuwa Mjumbe wa Uwazi wa mtaa, akapewa kofia ya kijani. Alikuwa na maradhi ya magoti, na alijipaka mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, hata ukajua kwamba anakuja kabla hajakunja kona.

Kwa miaka mingi Bi Sikudhani hakuthubutu kuhama. Mtu akitoka mkutanoni atarudi wapi kama si nyumbani? Mwisho dada yake alimjia kutoka mtaa wa Kisimani, akaketi kitandani, akayatazama mashati yaliyotundikwa.

"Sikudhani," akasema, "wewe humngoji mtu tena. Unaingoja nyumba. Njoo kwangu, kuna chumba."

Bi Sikudhani alilia, akatulia, kisha akaenda kumwambia Mzee Mwinyikondo kwamba mwisho wa msimu wa mvua atahama.

Hapo ndipo alipoingia katika kile ambacho sheria inakiita Kipindi cha Uwazi. Mpangaji akishasema atahama, mpaka siku ya kutoka mwenye nyumba anaweza kuingia saa yoyote, wala asibishe hodi, kwa sababu hodi, kama ilivyofafanuliwa redioni, humpa mtu nafasi ya kuupanga ukweli. Mpangaji anaruhusiwa kubadili kufuli, ilimradi ufunguo ampe mwenye nyumba. Anaruhusiwa pia komeo, ila la nje.

Mzee Mwinyikondo alianza kuja mara tu mvua zilipopiga. Alimkuta Bi Sikudhani akiosha nywele. Alimkuta akiswali, akamzunguka kwa taratibu ili asimkatize, akakagua dari. Alileta watu waliotaka kupanga, na wanawake wale wakafunua masufuria, mmoja akaonja mchuzi na kusema nyumba inaonekana ina baraka.

"Mzee, angalau ubishe," Bi Sikudhani akamwambia.

Mzee Mwinyikondo alivua kofia, akaishika kifuani. "Shemeji," akasema, "nibishe hodi kwenye nyumba yangu? Hizi kuta nilizijenga mimi. Mtu huwa habishi hodi mfukoni mwake. Na kama huna la kuficha, una wasiwasi gani?"

"Sina la kuficha."

"Basi ndiyo maana naingia. Ungekuwa nalo ningekuhurumia."

Lakini Bi Sikudhani alikuwa nalo. Shati ambalo mumewe alilivua siku ile hakulifua. Alilikunja kama lilivyo, akalifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akauweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kigumu. Siku ambazo mambo yalimzidi alilifungua, akatia uso ndani, akavuta pumzi: jasho, risasi ya kuunganishia nyaya, sabuni ya mche. Kisha alifunga upesi ili harufu isiishe. Ndicho kitu pekee nchi nzima ambacho hakuna aliyekijua ila yeye.

*

Siku moja alirudi kutoka kupeleka nguo za mteja, akaingia chumbani, akasimama palepale.

Upande wa mumewe kitandani ulikuwa umebonyea. Mto ulikuwa na umbo la kichwa. Shuka lilikuwa limejikunja kama linavyojikunja mtu anapoinuka bila haraka.

Mimi sina ushahidi wa jinsi moyo wake ulivyokwenda, lakini alinisimulia kwamba alijikuta ameshaita, "Baba?", kwa sauti ile aliyokuwa akimwita nayo mumewe, na kwamba alitazama nyuma ya mlango kwanza, kisha uani, kisha hata chini ya kitanda, mahali ambapo mume wa mtu hawezi kuwa. Aliporudi akaweka mkono kwenye godoro. Lilikuwa na joto. Akainama kuunusa mto.

Karafuu.

Alikaa sakafuni muda mrefu. Kisha akaliendea kopo, akalifungua, na hata mle ndani alidhani anasikia karafuu. Hakuwa na hakika. Alinusa tena na tena, na kila aliponusa alijua kwamba anaimaliza.

Kesho yake akaweka kiti nyuma ya mlango, akatokea uani. Aliporudi alikikuta kimerudishwa mezani, na Mzee Mwinyikondo amekikalia.

"Shemeji, umenitia hasara ya goti," akasema. "Kiti nyuma ya mlango ni dhana mbaya. Jirani wakiona watasema unajilinda dhidi ya nani? Dhidi yangu? Mimi niliyekaa na mumeo kama ndugu?"

"Mzee, ulilala kitandani kwangu?"

Mzee Mwinyikondo alitazama kofia yake. "Nilikuwa nakagua sakafu kama imeshuka," akajibu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na akaondoka bila kumaliza hotuba, jambo ambalo si kawaida ya Mjumbe wa Uwazi.

*

Msidhani kwamba serikali ya nchi hiyo haijali. Inayo Ofisi ya Hifadhi ya Siri za Raia, jengo refu la vioo katikati ya mji. Dada yake ndiye aliyemshauri aende. Foleni ilikuwa ndefu lakini ya kistaarabu. Afisa aliketi nyuma ya kioo kinene, na kwa kuwa kioo kilizuia sauti, alizungumza kwa kipaza sauti, na kila mwenye siri aliwekewa kipaza sauti chake.

"Taja siri unayotaka ilindwe," afisa alikuwa akisema, na maneno yake yakasikika hadi kwa wauza maandazi ng'ambo ya barabara. "Siri tusiyoijua tutailindaje?"

Mwanamume aliyemtangulia Bi Sikudhani alitangaza kwamba mtoto wake wa tatu si wake. Foleni nzima ikampa pole. Afisa akamshukuru kwa uzalendo, akamwambia kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayeijua.

Zamu ya Bi Sikudhani ikafika. Njia nzima alikuwa amejiandaa kusema: nina shati, na sitaki mtu aliguse. Alifungua mdomo. Aliwaona watu nyuma yake wamenyoosha shingo kwa huruma. Alijua kwamba kabla hajafika nyumbani neno "shati" litakuwa limetangulia, na Mzee Mwinyikondo atalitafuta, atalikunjua, na mtu atalifua kwa ajili ya usafi wa makabidhiano.

"Siri yangu," akasema, "ni kwamba mume wangu amerudi."

Alivyoniambia, hakujua maneno yale yalitoka wapi.

Afisa akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale: akazima kipaza sauti, akainamia tundu dogo la kioo.

"Amerudi kutoka wapi, mama?"

"Mkutanoni."

"Mkutano haujaisha."

"Naye anasema hivyo hivyo."

Afisa alijifuta paji la uso. "Anasema nini kingine?"

Bi Sikudhani alimtazama. "Hasemi mengi. Ameketi tu. Anauliza ni nani aliyemtaja."

Aliposhuka ngazi za ofisi ile, muuza maandazi alimwambia hongera. Alipofika Mikoroshini, muuza mihogo alimpa pole. Wote wawili hawakumtazama usoni.

*

Siku iliyofuata Mzee Mwinyikondo hakuja. Wala siku iliyofuata hiyo. Bi Sikudhani alimwona amesimama upande wa pili wa barabara, chini ya ukingo wa paa la duka, anaitazama nyumba yake mwenyewe kama mtu anayetazama mto uliofurika. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze aliosha nywele zake hadi mwisho. Alikula bila kutazama mlango. Alilitoa shati kwenye kopo na kuliweka magotini mchana kweupe.

Ndivyo alivyokuwa ameketi, alasiri moja, aliposikia karafuu, kisha magoti yakilia, kisha mtu akiketi kizingitini.

"Hodi," akasema Mzee Mwinyikondo.

Bi Sikudhani aliinuka polepole, akaenda bila viatu, akasimama nyuma ya mlango.

"Hodi, ndugu yangu Tawakali. Najua umo. Sikuji kukagua." Mzee alikohoa. "Waliniuliza tu, mkono ule ni wa nani. Nami nilikuwa karibu yako, nikasema ni wa mpangaji wangu. Wallahi nilidhani wanataka kukujibu swali lako."

Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Basi si kweli," mzee akasema. "Nilijua. Nilijua tangu waliponipa kiti na soda. Ningesema sikuona. Watu wote wa mstari wetu walisema hawakuona. Mimi niliona fahari kwamba ni mimi ninayejua."

Ndani, Bi Sikudhani aliuma upindo wa khanga yake. Kama angekohoa, kama angelia, mzee angetambua kwamba ni yeye na si mumewe, na asingesema tena. Basi akavumilia. Mtu aliyemnyang'anya mume wake alikuwa karibu naye kuliko unene wa ubao, naye alitaka azidi kusema.

"Kila nilipoingia humu," Mzee Mwinyikondo akaendelea, na sasa alikuwa akinong'ona, "si kwamba namchungulia shemeji. Naangalia kama umerudi. Nikikuta hujarudi, siku hiyo napata usingizi. Siku ile nililala mahali pako ili nijue kama pamepoa. Nikapitiwa. Nikaota tunacheza bao, na wewe kete huli, unanitazama tu."

Akalia. Alilia kama mtoto, bila kujali waliokuwa wakipita barabarani, nao, kwa kuwa ni raia wema, walipita. Mwisho akasema, "Niambie unataka nini, ndugu yangu. Nyumba nitakuachia. Niambie tu." Alingoja. Kisha akajikongoja akaondoka, na kofia ya kijani akaiacha kizingitini.

Bi Sikudhani alibaki amesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuhisi ushindi wowote. Alihisi kwamba nyumbani mwake kweli mlikuwa na mtu, na kwamba mtu huyo amesikia.

*

Habari ya kurudi kwa mjumbe haikuweza kuachwa bila heshima yake. Ikaundwa Tume ya Makaribisho. Wakaja asubuhi na maua ya plastiki na mbwa wawili, wakapekua chumba, uani, darini. Kopo la maziwa walilifungua, na Bi Sikudhani aliziba mdomo wake, lakini waliona nguo chafu tu, wakalifunga. Walikuwa wanamtafuta mtu, na kwa bahati mtu haingii kwenye kopo.

"Yuko wapi?" mkuu wa Tume akauliza. Alikuwa ni yule afisa wa Ofisi ya Siri, amepandishwa cheo.

Bi Sikudhani aliona kwamba uongo wake umefika mwisho. "Hayupo. Hakurudi kamwe. Nilisema vile ili mzee aache kuingia chumbani kwangu."

"Mama," afisa akasema kwa upole, "siri ukishaikabidhi ni mali ya serikali. Huwezi kuibadilisha kwa sababu zako binafsi." Akamgeukia Mzee Mwinyikondo, aliyekuwa amesimama barazani kichwa wazi, hataki kuvuka mlango. "Wewe ni Mjumbe wa Uwazi. Umemwona?"

"Nimezungumza naye."

"Alikujibu?"

"Hakunijibu. Tawakali hakuwa mtu wa maneno."

Afisa akapumua kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo mzito. Hapo hapo barazani, mbele ya majirani, akatoa hotuba. Alisema kwamba dunia imeshuhudia. Alisema kwamba waliokuwa wakiuliza wapi yuko Fundi Tawakali sasa wamejibiwa: alikwenda mkutanoni, akatoa mchango wake, akarejea salama nyumbani, na kama ameondoka tena, ameondoka kwa miguu yake, kama raia huru. Suala limefungwa. Majirani wakapiga makofi. Wakamkabidhi Bi Sikudhani maua.

Wiki hiyo alikwenda kwenye lile dirisha alilokuwa akiendea miaka yote kuuliza habari za mumewe. Kijana wa pale, aliyemzoea na ambaye siku zote alimpa kiti, safari hii hakumpa.

"Mama Tawakali, unamwulizia nani tena?" akasema. "Wako si amerudi."

Bi Sikudhani akatoka nje, akasimama juani. Alikuwa amelinda chumba chake, na gharama yake ameilipa kwa swali lake la miaka yote. Alihama kabla mvua hazijaisha. Mzee Mwinyikondo alikuja kumuaga kwa mbali, akamwuliza kama Tawakali naye anahama. Alibeba kopo lake, akaondoka. Naambiwa nyumba ile mpaka leo haijapata mpangaji, na mwenyewe haingii.

*

Kule Kisimani alipata chumba kwa dada yake, chenye mlango mmoja na komeo la ndani. Alidhani mambo yamekwisha.

Wakaanza kuja wanawake. Wa kwanza aliitwa Mama Chiku, mke wa mjumbe mwingine wa mkutano ule, amevuka mji mzima kwa miguu. Alikataa maji, akakataa kiti.

"Mwenzangu," akasema, "samahani nakusumbua. Mumeo alivyorudi, hakumtaja wangu? Mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi."

Bi Sikudhani angeweza kusema lolote. Alimshika mkono, akamketisha, akamwambia ukweli wote: mto, karafuu, kipaza sauti, kizingiti. "Hakurudi, dada yangu. Hakuna aliyerudi."

"Nilijua," akasema Mama Chiku. "Lakini hata mimi, mwenye nyumba wangu haipiti siku hajaingia. Pale Ofisi ya Siri ulisemaje hasa? Nifundishe."

"Watakufungia suala lako. Hutauliza tena."

"Nimeuliza miaka yote hii. Nimejibiwa nini?"

Basi akamfundisha. Na wengine wakasikia, wakaja, wakawa wanakaa uani kwa dada yake wakichambua mchicha na kungoja zamu ya kufundishwa, wake wa wajumbe na mama zao, na hakuna aliyewakataza, maana serikali ilifurahi mno kuona wajumbe wanarejea kwa wingi.

Siku moja, wakiwa wameketi hivyo, Mama Chiku aliingia uani. Khanga yake ilikuwa imemwanguka begani, naye hakuipandisha.

"Vipi, alikuja?" wakamwuliza. "Mwenye nyumba wako amebisha?"

"Kuna aliyebisha," akasema.

"Akasemaje?"

Mama Chiku alitafuta mahali pa kukaa, akakaa chini kwenye udongo.

"Hakuwa mwenye nyumba. Nilimjua kwa sauti kabla hajasema jina lake. Alikuwa kaka yangu, amekuja kumwomba mume wangu radhi."

Mchicha ulibaki mikononi. Kisha mwanamke mmoja aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akasema amekumbuka kazi nyumbani. Akafuata mwingine, na mwingine, wakatoka bila kuagana. Bi Sikudhani hakuwalaumu. Aliwatazama mpaka wa mwisho alipopotea kwenye kona, kisha akawageukia waliobaki, nao wakavuta mikeka yao, wakasogea karibu.